Mrudishie Mwenyewe

Mjomba,

Leo sikuamkii. Nimekaa uwanjani kwako, juu ya lile jiwe la kusawazishia ardhi, daftari liko magotini, na sikuamkii. Wewe ndiye uliyekuwa ukinisimamisha njiani na ndoo ya maji kichwani ili nimwamkie mtu tuliyeachana naye nusu saa tu iliyopita. "Skola, mwamkie mkubwa." Nami nainama, napiga makofi, nasema mwakeye, nyumbani wameamkaje, watoto wameamkaje, mbuzi wameamkaje, mpaka maji yananimwagikia mgongoni. Basi leo kaa hivyo hivyo bila mwakeye. Nina hasira na wewe, na hasira zangu hazina nafasi ya kuuliza habari za mbuzi.

Najua watu hawamwandikii marehemu namna hii. Mkeo, Mama Fransisko, ameniona nachukua kalamu akasema niandike kwamba upumzike kwa amani na kwamba tunakukumbuka. Nitaandika hayo. Lakini kwanza nina ugomvi wangu, na huo ugomvi niliubeba kutoka Tabora, kwenye garimoshi hadi Kigoma, kwenye basi hadi Kasulu, nikafika nao mlangoni kwako nikakuta umezikwa siku tatu zilizopita. Sasa niupeleke wapi? Ni wako. Upokee.

Nilikuja kwako nikiwa na miaka kumi na tisa, mtu mzima na aibu yangu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na jina langu halikutokea popote, si kidato cha tano, si chuo. Nyumbani Kumsenga, kule Kibondo, watu wote walikuwa wamehamishiwa kijiji kipya. Nyumba ya baba imebaki peke yake na migomba yake, mama analala kwenye kibanda cha nyasi kando ya barabara akisubiri kuonyeshwa kiwanja. "Nenda Kasulu kwa kaka yangu," mama akasema. "Mguu unamsumbua, na mkewe hawezi shamba peke yake." Sikuja kucheza, Mjomba. Nilikuja kulima maharage.

Asubuhi ya pili nikakukuta hapa, nyuma ya boma, hatua chache tu kutoka mlangoni kwako, unafagia. Nilijua wewe ni mfagizi wa ofisi za wilaya. Nikadhani ndiyo kazi yenyewe. Lakini ulikuwa hufagii ofisi. Ulikuwa unafagia uwanja mtupu, udongo wa kichuguu uliopigwa ukawa mgumu kama sakafu, na ulikuwa unaufagia kwa mstari, mbele na nyuma, huku unachechemea, kama mtu anayemchana mtoto nywele. Nikakuuliza nani anacheza hapa. Ukasema hakuna. Tangu lini? Tangu Wazungu waondoke. Miaka kumi na kitu unafagia uwanja usiochezwa na mtu! Nikacheka mpaka nikashika tumbo. Na wewe hukukasirika. Uliingia stoo ukatoka na raketi mbili, ukanipa moja kwa mikono miwili, kama unampa mgeni bakuli.

Nyuzi zilikuwa mshipi wa kuvulia samaki. Wavu ulikuwa wa dagaa, Mzee Sefu wa duka la kona alikuletea kutoka Ujiji. Mipira ilikuwa mitatu, imenyonyoka yote. Nilikuwa navaa kaptula ya shule chini ya sketi, na wanawake waliokuwa wanapita kwenda sokoni walikuwa wanasimama kabisa. "Yewe! Binti mzima anakimbizana na kimpira!" Sikujali. Wiki ya kwanza nilipiga mawinguni tu. Wiki ya tatu mpira ukakaa katikati ya raketi, ukalia ule mlio wake, nikausikia mpaka kwenye meno. Ukasema, "Umeusikia?" Nikasema nimeusikia. Toka siku hiyo maharage ya Mama Fransisko yalipaliliwa nusu nusu.

Sasa tufike kwenye ugomvi.

Ulikuwa na amri moja tu. Uliirudia asubuhi na jioni, mpaka nilikuwa naisikia nikisonga ugali: "Mrudishie mwenyewe." Mpira ukija, urudishe kwa mwenyewe. Usawa wa kiuno, upande wake wa kulia, asiinuke, asiiname, asihangaike. "Usimkimbize mtu, Skola." Nikiupeleka pembeni ulikuwa unasimama, unauacha upite, unauangalia kwa huzuni kama nimekutukana. "Huyo umempigia nani? Pale kuna mtu?" Basi nikajifunza. Nikaweza. Tulikuwa tunahesabu, unakumbuka? Mia. Mia mbili. Siku ile ya mvua ya asubuhi tulifika mia tatu arobaini na saba bila mpira kuanguka, wewe na mguu wako hujatoka hatua mbili, na Mama Fransisko akaacha kuchambua maharage akaja kusimama mlangoni. Mia tatu arobaini na saba! Nilijiona bingwa. Nilidhani ndiyo tenisi.

Afisa Utamaduni naye akadhani hivyo. Alikuja siku ile na viatu vyake vya kung'aa, akatukuta katika mia na themanini, akasimama hadi mwisho. Akasema kuna chuo cha ualimu Tabora kina uwanja wa kweli, na kinatafuta wasichana wawili wa kucheza tenisi wakishindana na vyuo vingine. Mwenye kidato cha nne na mkono mzuri anaweza kuingia hata kama jina lake halikutoka. Mjomba, mimi nilikaa chini papo hapo udongoni. Nilikuwa nimeshajihesabu mtu wa jembe. Na wewe ulikuwa unatabasamu tu, unafuta raketi kwa shati lako, huniambii neno.

Hukuniambia neno! Hapo ndipo panaponiuma. Wewe uliokota mipira kwenye uwanja huu tangu una miaka kumi, wakati babu alikuwa tarishi wa boma. Uliwaona wenyewe kwa wenyewe wakicheza, Bwana huyu na Bwana yule. Ulikuwa unajua kabisa wanafanya nini. Ulikuwa unakimbia kuuokota huo mpira kule pembeni, kule ambako hakuna mtu, kwa sababu huko ndiko walikokuwa wanaupiga makusudi. Kila siku. Miaka na miaka. Halafu mimi unanifundisha mrudishie mwenyewe.

Siku ya kuondoka hukunisindikiza kituoni. Ulilala ukasema ni vumbi la uwanja limekukaa kifuani. Nilikushika mkono, ulikuwa wa moto. Ukasema, "Nenda, gari litakuacha." Nikaenda.

Tabora nilikutana na msichana wa Moshi. Hata jina lake sitaki kulitaja, hakunikosea kitu. Alikuwa ameshika raketi tangu ana miaka tisa. Ana viatu vyeupe. Mimi nina raba za kukopa zilizonizidi namba moja, nimejaza karatasi vidoleni. Mpira wa kwanza ukaja, nikamrudishia. Ukaja, nikamrudishia. Usawa wa kiuno, upande wake wa kulia. Wanafunzi waliokaa pembeni wakaanza kuhesabu kwa sauti, kumi, ishirini, nikafurahi, nikajua wameuona ufundi. Kumbe mwenzangu alikuwa anajipumzisha. Alipochoka kucheka akaupeleka kule kona ya mbali, ambako sipo. Nikabaki nimesimama. Nilimwangalia kama ulivyokuwa unaniangalia wewe, Mjomba! Nilimwangalia kwa huzuni kama amenitukana! Nikasubiri mtu amwambie usimkimbize mwenzio. Hakuna aliyemwambia. Wakampigia makofi.

Sita bila. Halafu sita kwa moja, na hiyo moja ni yeye aliyeikosea kwa uvivu.

Mwalimu wa michezo wa pale, mama mmoja mnene mwenye filimbi shingoni, akaniita pembeni. Alikuwa hacheki. Akaniuliza, "Binti, kwa nini unampelekea mwenzako mpira mkononi kama unampa kikombe cha chai?" Nikamwambia ndivyo nilivyofundishwa. Akauliza, na nani? Nikasema na mjomba wangu. "Mjomba wako alikuwa mchezaji?" Nikafungua mdomo kusema ndiyo, nikakumbuka kwamba sijawahi kukuuliza. Nikasema alikuwa anaokota mipira, na Bwana mkubwa akikosa mwenzake asubuhi, mjomba ndiye alikuwa anasimama upande wa pili amrushie. Yule mwalimu akaitazama raketi yangu. Akasema, "Basi hakukufundisha tenisi. Amekufundisha utumishi."

Neno hilo nilikaa nalo kwenye garimoshi siku nzima. Utumishi. Mtu umenichukua na miaka yangu kumi na tisa, nimechelewa tayari, sina mwaka wa kupoteza, ukanifundisha mwaka mzima jinsi ya kuwa boi wa mtu. Nilikuwa nalia huku nakula miwa, na mama aliyekaa mbele yangu akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia sijafiwa, ninakwenda kugombana na mtu. Ona maneno niliyosema.

Mwalimu alikuwa amenipa tumaini moja. Nafasi ya kwanza kaichukua wa Moshi. Ya pili imebaki. "Mkono unao," alisema, "tena sijaona mkono unaotii kama huo. Rudi baada ya miezi miwili, kuna msichana wa Mwanza atakuja pia. Mkicheza, atakayeshinda ndiye. Lakini usirudi na chai."

Basi nikashuka Kasulu. Kondakta alikuwa anajua, sasa hivi ndiyo nafahamu. Alinishushia mzigo mwenyewe, hajawahi kumshushia mtu mzigo. Njiani watu wananiamkia kwa sauti ndogo. Mimi sioni kitu, nimejaa maneno yangu. Nikatokea kwenye kona ya nyumba, nikaona moshi, nikaona wanaume wameota moto uani, wanawake wamejaa mkekani, sufuria kubwa ziko jikoni. Na unajua nilidhani nini? Nilidhani umeita watu. Nilidhani umepika pombe, umewaambia Skola ameshinda, njooni tusherehekee! Hasira ikanipanda mpaka kwenye nywele. Nikatupa mzigo nikapiga kelele mbele za watu wote: "Mjomba! Toka nje, mwongo wewe! Toka uniambie ulikuwa unanifundisha nini!"

Mama Fransisko akainuka mkekani, kichwa wazi, akaja akanishika mabega.

Nilikuita mwongo kwenye matanga yako, Mjomba. Mbele ya padre. Mbele ya mama yangu aliyetoka Kibondo kwa lori la maharage akanitangulia kufika. Aibu ile nitazeeka nayo, na ni wewe uliyenitia. Ulikufa usiku wa pili baada ya mimi kuondoka, wakataka kunipigia simu chuoni, na wewe ulikuwa umeshakataza. "Mtoto asiambiwe mpaka acheze." Ndiyo maneno yako ya mwisho yenye maana, Mama Fransisko ananiambia kama ananipa zawadi. Zawadi gani hiyo? Nani alikutuma? Mama kafika, mimi sikufika. Mkono wa udongo sikutupa. Nilikuwa Tabora nawapelekea watu chai.

Nikaweka raketi stoo. Nikarudi kwenye maharage. Wiki ya kwanza wanawake wakaja polepole, wakaona hakuna mwenye ufagio, wakaanika muhogo uwanjani kwako. Uwanja mzima mweupe. Mkeo alitaka kuwafukuza, nikamwambia waache, angalau sasa una faida. Nilisema hivyo. Sikufichi kitu.

Aliyeniharibia hasira zangu nzuri ni Mzee Sefu. Nilikwenda dukani kununua chumvi, akaniuliza kama nitarudi Tabora. Nikamwambia nirudi kufanya nini, mjomba wangu alikuwa hajui tenisi. Akaweka chini kitanga cha mizani. "Hajui?" akasema. "Mjomba wako alimshinda Bwana, mimi nikiwa nimekaa ukutani naona."

Kwa nini nimesikia habari hii dukani, Mjomba? Kwa nini sikuisikia kwako?

Alinieleza yote. Kwamba ulikuwa kijana wa miaka kumi na sita, na Bwana mmoja wa boma alikuwa na wageni, akakuita usimame upande wa pili awaonyeshe wageni mchezo. Na wewe siku hiyo, shetani gani alikupitia sijui, ukaupeleka mpira kona ya mbali. Bwana akakimbia, akateleza, akaanguka na suruali yake nyeupe, wageni wakacheka. Ukarudia. Mara ya tatu ukarudia tena. Mzee Sefu anasema ulikuwa unacheka meno yote nje. Kesho yake Bwana akasema uwanja umeharibika, usawazishwe. Jiwe hili nililokalia, ambalo watu wanne walikuwa wanalivuta kwa kamba, ukaamriwa ulivute peke yako, tangu jua linatoka hadi linazama, na babu tarishi amesimama na kofia yake mkononi anaangalia. Jioni nyonga ikaachia. Jiwe likakupanda mguu.

Uliniambia umegongwa na lori!

Mwaka mzima nimekuwa nikikalia jiwe hili nikila karanga. Nikikutania kuhusu dereva wa hilo lori, kama alikuwa amelewa. Na wewe unacheka. Unakaa kwenye kigoda chako pale kati, unacheka, unaniambia inuka, mrudishie mwenyewe.

Nilitoka dukani bila chumvi. Nilikuja hapa nikapiga jiwe mateke mpaka kidole kikatoka damu. Nilimkasirikia Bwana yule, ambaye yuko Ulaya anakunywa chai yake kama bado yu hai. Nikamkasirikia babu na kofia yake. Halafu nikarudi kwako, kwa sababu wewe ndiye ninayekujua. Ulidhani mimi nani atanivutisha jiwe? Bendera yao imeshushwa, Mjomba. Boma ni letu, mwenye kiti cha Bwana sasa ni Muha wa Heru, mtu wa hapa hapa. Mimi nikimkimbiza msichana wa Moshi atanifanya nini, atanisonya? Hofu yako ulipaswa kuizika na wewe. Ukaniachia mimi kwenye mkono.

Nikakusanya muhogo wa watu, nikaweka wavu.

Sina wa kucheza naye. Mama Fransisko akasema, mimi hapa. Mkeo, na nguo zake nyeusi, ananirushia mipira kama anarushia kuku mahindi, mmoja huku, mmoja kule. Nikachukua kigoda chako ambacho tangu ufe hakuna anayekikalia, nikakiweka upande wa pili pale katikati, mahali anaposimama mtu. Nikasema leo nitapiga kila mahali isipokuwa hapo. Mpira wa kwanza, ko! kwenye kigoda. Wa pili, ko! Nikakaza macho kwenye kona, nikakaza meno, nikapiga: ko! Mipira kumi, kigoda kumi. Nilikuwa nalia kwa hasira, nakutukana kwa Kiha na kwa Kiswahili. Mkono haunisikii. Unakusikia wewe. Siku tatu nimekipiga kigoda cha marehemu mpaka mguu mmoja ukalegea.

Siku ya nne Mama Fransisko akatupa mpira chini. "Basi," akasema. "Umempiga vya kutosha. Mwache mume wangu apumzike pembeni." Akavuka wavu kwa hatua zake za taratibu, akakiinua kigoda, akakipangusa vumbi kwa upindo wa kitenge, akakiweka kule kona ya mwisho kabisa, karibu na mstari. Akarudi. Akanirushia mpira kwa hasira zake.

Ko!

Tulitazamana. Akarusha mwingine. Ko! Akaenda mbio, mjane wa watu, akakihamishia kona nyingine. Ko! Mjomba, mkono ulikuwa unakufuata tu. Ulikuwa haujali uko wapi. Kati ya uwanja au ukingoni, ulikuwa unamrudishia mwenyewe, usawa wa kiuno, upande wa kulia. Mia tatu arobaini na saba zile zilikuwa humu ndani zote. Tulihamisha kigoda hicho mpaka miezi miwili ya mwalimu ikatimia. Mama Fransisko akawa anajifunza kunihadaa, anakiweka kisha anasimama mwenyewe katikati ameshika ufagio kama raketi. Wanawake wa muhogo wakaja kukaa wakatazama, na wenyewe wakawa wanapiga kelele: "Mpelekee mjomba wako! Mpelekee!"

Nikarudi Tabora. Msichana wa Mwanza alikuwa mrefu, ana mkono mzito. Mwanzoni nikasahau kila kitu, nikampelekea chai, nikawa nimefungwa michezo minne mfululizo. Mwalimu mwenye filimbi akatazama chini. Tukabadilishana pande, nikajifuta jasho, nikatazama ule upande wa mbele, kona ya kushoto pale mwisho ambako hakuna mtu, pana udongo tu na kijua. Nikakuweka hapo. Nikakukalisha kwenye kigoda, na shati lako la kufutia raketi, umenyoosha ule mguu. Mpira ukaja. Nikakurudishia.

Yule msichana hata hakuugusa. Na mimi nikamwambia, "Pole, dada." Nilimwambia pole kila nilipomkimbiza, Mjomba, sikuweza kujizuia, malezi yako hayo. Watu wakacheka, mwamuzi akacheka, mwishowe yule msichana mwenyewe akacheka, lakini alikuwa anakimbia. Kila aliposogea kushoto nilikuhamishia kulia. Ulihama sana siku ile kwa mtu mwenye nyonga mbovu. Seti ya kwanza alichukua yeye, ya pili mimi, ya tatu tukafika tano kwa tano, kisha sita kwa tano. Mpira wa mwisho alinivuta mpaka karibu na wavu, akabaki yeye nyuma upande wa kulia, amenizibia. Nikakuona uko wapi. Niliupiga bila kuutazama. Nikaweka raketi chini kabla haujaanguka, kwa sababu nilijua umeupata.

Nilishinda. Barua ya chuo imekuja jana, ina muhuri. Jumatatu naondoka. Mama Fransisko amepiga vigelegele, Mzee Sefu amenipa raba zinazonienea, mama ametuma salamu kutoka Kibondo, wameonyeshwa kiwanja na wameanza kujenga. Watu wote wananipongeza, na mimi nimekuja kukaa kwenye jiwe hili na hasira zangu zile zile, kwa sababu wa kuambiwa hayupo. Ungesubiri miezi miwili! Ungekunywa dawa! Mtu anakohoa damu anasema vumbi!

Kuna kitu kimoja kimenijia leo nikifagia, maana nimekufagilia, mstari kwa mstari. Zile asubuhi zetu, kila mpira ulionipigia ulikuja usawa wa kiuno, upande wangu wa kulia. Hujanikimbiza hata mara moja. Nilikuwa najiona hodari, kumbe ulikuwa umeniweka mahali pa Bwana. Mwaka mzima umenitumikia, na mguu ule, mpwa wako mla karanga. Sikutaka kuwa Bwana wako, Mjomba. Nilitaka unishinde. Ungenikimbiza siku moja tu, meno yote nje, kama ile siku ya suruali nyeupe, ningekukumbuka hivyo na nisingelia hapa.

Sijakusamehe. Lakini pumzika kwa amani, tunakukumbuka, nimeandika kama nilivyoagizwa. Uwanja nimewaachia wanawake wa muhogo kwa makubaliano: wanafagia kwanza, ndipo wanaanika, na Jumamosi wanatoa mabinti zao watano walioomba raketi. Mama Fransisko atawarushia mipira. Mimi nikiwa mwalimu nitawafundisha wangu amri yako kwanza, mpaka mia tatu, kisha nitawaambia habari ya jiwe, kisha nitahamisha kigoda. Jiwe sitakubali liondolewe. Na kigoda nakibeba, nimekifunga kwenye mzigo, mguu wake nimeukaza.

Haya, mwakeye, Mjomba. Mwakeye sana. Mimi nimeamka salama, mbuzi nao wameamka. Siku chuo kitakaponisimamisha mbele ya watu, tafuta ile kona isiyo na mtu ukae hapo. Mpira ni wako, ninakurudishia.

Mpwa wako,
Skola